Pasta Aliyeingia Ndani ya Ngoma ya Hénoc

Hénoc Kabemba hakuwa mtu wa kupiga watu ovyo, na kwa mpiga ngoma wa Kalemie hiyo ni sifa kubwa. Alizaliwa Zongwe, katika nyumba ambamo kofi lilikuwa salamu. Ngoma yake ya kwanza ilikuwa dumu la mafuta ya mawese. Baba yake, mvuvi aliyetaka kulala mchana, alilipasua kwa shoka. Mtoto akamrukia, akamng'ata paja, na majirani wakawatenganisha kwa ndoo ya maji. Baba alibaki na kovu, Hénoc akabaki na pua iliyopinda kushoto, na kila mmoja akawa ameelewa msimamo wa mwenzake. Alipoota ndevu alipanda boti kuja mjini, asirudi tena.

Mjini alipiga kila kitu kilichokubali kupigwa, hadi kampuni ya bia ya Mamba ilipoleta ngoma mpya katika nganda moja ya Kataki, baa ambayo wanywaji hutoka kwa miguu yao wenyewe siku za wiki tu. Kwenye groskesi, ile ngoma kubwa ya kupigwa kwa mguu, ngozi ya mbele ilichorwa mamba wa kijani anayecheka, na juu yake jina la bia kwa herufi nene kama mikate. Wakala wa kampuni, Papa Urbain, alimkabidhi Hénoc ngoma hizo mbele ya wanywaji kwa sharti moja tu. Jina lionekane kila Jumamosi, likiwa zima. Likichanwa, likipakwa rangi, likikosa hata mkia wa herufi, gari litakuja kubeba kila kitu. Siku nyingine Hénoc angeweza kupiga popote apendapo.

Popote ikawa kanisani. Pasta Nathanaël alizikubali ngoma ila mamba alimkataa. Kwa hiyo kila Jumapili Hénoc alimvika mamba kitambaa cheusi, akakibana kwenye duara la mbao, na yule mnyama akawa ameokoka mpaka ibada iishe. Wala hakuwa peke yake. Mpiga gitaa alifunika jina la gitaa lake kwa sparadra, ile plasta ya vidonda, kwa sababu lilikuwa feki. Mpiga kinanda alifunika la kinanda kwa sababu makanisa matatu yalikuwa yanakitafuta. Ukiiangalia okestra ile, ungedhani imetoka hospitali.

Jumamosi moja, mchimba madini kutoka Manono alimvunjia rafiki yake chupa kichwani, karibu kabisa na jukwaa. Hawakuwa na ugomvi. Walikuwa wanabishana nani anampenda mwenzake zaidi. Kitambaa cheusi, kilichokunjwa pembeni, ndicho kilichofungwa kwenye lile fuvu. Asubuhi Hénoc alifika nacho kanisani, kimekauka kwa damu kama ngozi ya mbuzi. Mama Evodie, mkuu wa kwaya ya akina mama, alikinusa, akakitupa nje, akachomoa kwenye mkoba kipande cha kitenge kilichobaki kwenye sherehe za utumishi wa Pasta. Kilikuwa na uso wa Pasta mwenyewe, mkubwa kama sinia, kidole juu.

"Hii inaenea muzuri," alisema Mama Evodie, akikikaza juu ya mamba kwa mikono yake miwili.

Uso ukakaa katikati kabisa. Hénoc akaenda kukaa nyuma ya ngoma yake, mahali pekee mle kanisani ambapo uso ule haukuonekana.

Sasa, kanisa lile lilikuwa limepasuka tangu msimu wa mvua. Nusu ya waumini walimtaka Pasta, nusu walimtaka msaidizi wake, Elie, na kila nusu ilikaa upande wake ikiombea nusu nyingine kifo chema. Wimbo wa kwanza ulipoanza, Hénoc akakanyaga pedali. Mashavu ya Pasta wa kitambaa yakavimba. Akakanyaga tena, mdomo ukafunguka. Wimbo ulipochangamka, Pasta alikuwa anapigwa teke la uso mara mbili kwa kila neno "Haleluya", na kidole chake kinatikisika kama anaomba apumzishwe.

Upande wa Elie ukaanza kucheka. Kwanza akina mama, kwa vitambaa mdomoni, halafu wanaume, bila vitambaa. Hénoc alidhani ni Roho. Akaongeza nguvu.

Shemasi Kalala, mtu wa Pasta, ndiye aliyevuka mstari wa katikati. Alimfikia aliyecheka zaidi, akambamiza kwa kile chuma cha kusimamishia mikrofoni. Taya likasikika hadi mlangoni, kwa sababu mikrofoni ilikuwa bado inafanya kazi. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kusema nani alimpiga nani. Benchi liliruka likatua juu ya wazee watatu. Mhazini, mtu mpole mwenye kisukari, alimng'ata Elie sikio akakitema kipande chake ndani ya sahani ya sadaka. Mama mmoja wa kwaya alikuwa amemkalia mwenzake kifuani, anampiga kwa kiatu chake mwenyewe, huku akiendelea na sauti ya tatu bila kukosea. Sakafu ya saruji ikaanza kuteleza kwa damu.

Hénoc hakumpiga mtu. Aliikumbatia groskesi, akainama juu yake, akapokea mgongoni mateke ya pande zote mbili.

"Elie njo alikutuma upige Baba Pasta mateke!" Kalala alimpigia kelele sikioni, akimpiga na chuma mbavuni.

Ndipo aliposhuka Pasta mwenyewe kutoka madhabahuni, amevaa viatu vyeupe vyenye ncha ndefu. Alitaka tu kuinyamazisha ngoma. Akarudi nyuma hatua chache kama mpiga penalti, akapiga. Mguu ukapita katikati ya mdomo wake wa kitambaa, ukachana ngozi chini ya tumbo la mamba, ukazama hadi katikati ya muundi. Akavuta. Haukutoka. Ngozi ilikuwa imembana kama mtego wa panya.

Kalala akatoa kisu. Hénoc akainua kichwa, akaona kinapoelekea: juu ya mguu, moja kwa moja kwenye herufi za jina.

"Mukate muguu," alisema. "Ngoma hapana."

Akakishika kisu kwa makali yake. Kiganja kikafunguka, damu ikamwagika juu ya uso wa Pasta, wa kitambaa na wa nyama. Kalala akakichomoa, akainama tena. Hapo Hénoc akakumbuka kwamba ncha ya kile kiatu cheupe lazima imefika ngozi ya nyuma, palepale inapogonga nyundo ya pedali. Akakanyaga.

Pasta alilia sauti ambayo hata upande wa Elie uliacha kupigana kuisikiliza.

"Papa Kalala," Hénoc alisema polepole, mguu bado juu ya pedali, "sogea."

Kalala hakusogea. Hénoc akapiga mdundo mzima wa kwaya, wa kasi, na vidole vya Pasta vikavunjika kimoja baada ya kingine. Mjusi wa ukutani alikimbilia kwenye paa.

"Tupa kisu!" Pasta alinguruma. "Wote mukae chini! Hakuna muntu alimutuma huyu shetani!"

Kisu kikaanguka. Hénoc, kwa mkono uliobaki, akalegeza boliti za ngozi ya nyuma moja baada ya nyingine bila haraka yoyote, akaingiza mkono, akavua kiatu kilichojaa damu, na mguu ukatelezea nje kama samaki. Alikuwa bado amepiga magoti, anatafuta boliti iliyobingirika, Pasta alipomshukuru kwa kiatu cha pili, mdomoni.

Alitoka na ngoma kichwani. Hakuna aliyethubutu kumzuia. Chini ya ukuta wa uwanja wa kanisa aliitua, akavuta kitenge kilicholowa, akapitisha kidole gumba kwenye kila herufi. Mamba alikuwa na tundu tumboni, na bado anacheka. Jina lilikuwa zima.

Mama Evodie alimfikia akihema, kilemba hakipo, akitazama shati lake lililojaa damu.

"Papa Hénoc, meno yako iko wapi?"

Hénoc akatema kitu chekundu kwenye vumbi.

"Meno haiko ya kampuni," alisema, akainua ngoma.