Kabati Lisilo na Miguu

Mpaka leo sipendi kuingia katika nyumba ya mtu nikute makabati yaliyojengewa ukutani. Wenye nyumba huniita nitazame: ona, hayachukui nafasi, yamekaa vizuri, hayahami. Hayahami! Mimi nakunywa chai yangu.

Tulikaa Likasi, mji wa madini, katika nyumba za kampuni, zile za matofali zinazojengwa mbili mbili na kugawana ukuta mmoja. Upande wetu tulikuwa baba, mama, mimi na wadogo zangu wawili, pamoja na mama yake baba, tuliyemwita kaku. Upande wa pili alikaa jirani mmoja na mke wake na watoto wao wakubwa. Baba alikuwa fundi kwenye ateliye, karakana ya kampuni. Kila kipande cha chuma kilichotakiwa kumiminwa, yeye alikichonga kwanza kwa mbao, ili mchanga wa kalibu ushike umbo lake. Akikosea kwa unene wa unywele, kazi yote inatupwa. Mtu wa namna hiyo, akishajijua kwamba ana mikono, hakuna wa kumwambia kitu. Mama alikuwa akisema kwamba baba anaweza kumsamehe aliyemtukana, lakini si aliyefunga droo kwa nguvu.

Mwaka wa mapillage, kama tunavyouita kwetu ule uporaji wa askari na watu wao, walitubebea bifé, kabati kubwa la sebuleni ambalo mama alilipata arusini. Vijana wawili tu walilinyanyua, sahani zikilia ndani, wakatoka nalo mlangoni bila hata kukimbia. Mama alilia kama aliyefiwa. Baba hakulia. Alikaa akitazama alama za miguu ya lile kabati sakafuni, kisha akasema: "Ingine yenye nitafanya haitakuwa na miguu. Tutaona kama itatembea."

Sebuleni kulikuwa na pengo ukutani, mahali palipokuwa na jiko la matofali zamani za wazungu. Hapo ndipo alipolijenga. Alitafuta mulombwa, ule mti wetu mwekundu usioliwa na mchwa. Alitoboa ukuta, akazamisha vyuma kwa saruji, akashikiza mbao juu yake kutoka sakafuni mpaka darini. Chini aliweka milango miwili mipana ya kufichia unga na sufuria. Katikati zikaja rafu za sahani, kila rafu na ukingo mdogo mbele, ili treni ya madini ikipita na nyumba ikitetemeka sahani zisiteleze. Juu kabisa masanduku ya nguo. Skrubu alizizamisha ndani ya mbao, akaziba juu yake kwa unga wa mbao na gundi, akapiga msasa mpaka usingejua zilipoingia. Lilikuwa zuri. Nasema kwa uchungu, lakini lilikuwa zuri.

Jirani alikuja kumshikia mbao wakati wa kupiga misumari. Jioni akaja na mke wake kulitazama. "Muzee," akasema, "nyumba inaweza anguka, hii kabati itabakia imesimama." Kilemba cha ukoka, na baba akakivaa chote.

Halafu yakaja yale maneno. Yalianza kwenye mikutano, yakaingia sokoni, yakafika mpaka kwenye bomba la maji: wenye asili ya mkoa wa Kasai warudi kwao. Kwao wapi? Baba alizaliwa Likasi, akabatizwa Likasi, Kasai aliijua kwa kusikia tu. Kaku peke yake ndiye aliyezaliwa huko, na hata yeye aliondoka akiwa bibi harusi. Kazini walimwambia baba asirudi tena. Vijana wakaanza kusimama kwenye njia panda na fimbo. Wajomba zangu walikuja kutoka Kambove hapo jirani, maana mama ni mtu wa huko, wakamwambia yeye abaki na watoto, mume aende. Mama aliwaambia kama wamemaliza kusema, njia waliyojia wanaijua.

Tukaanza kufunga mizigo ya kwenda gare, yaani stesheni ya treni. Ndipo mama akasema jambo la akili kuliko yote yaliyosemwa mwaka ule.

"Tufungue hii kabati. Tubebe mbao. Kule gare bantu banalala inje, na mvua iko karibu. Mama yako iko na kifua."

Baba alimtazama kana kwamba amemwambia amchinje mtoto. "Minye niharibu kazi yangu? Tutarudia mbele ya Noeli. Hii ni maneno ya politiki, itapita."

"Fungua hata milango ya chini."

"Nilisema hapana."

Kaku alikuwa amekaa juu ya furushi lake, akikohoa kile kikohozi chake cha siku zote. "Mutoto yangu," akasema, "weye unapenda mbao kuliko bantu." Baba akacheka. Kaku hakucheka.

Kisha baba akamwita jirani. Akamwonyesha kabati kana kwamba hajapata kuliona, akamfundisha jinsi ya kulipaka mafuta ya kitani, akamwambia mbele yetu sote: "Unichungie. Muntu asing'oe hata musumari moja." Jirani akaweka mkono kifuani, akasema, "Muzee, mbele ya Mungu." Tukatoka.

Gare ilikuwa imejaa hata reli hazionekani vizuri. Treni haikujulikana itakuja lini. Watu walikuwa wamejenga vibanda kwa kila kitu walichobomoa nyumbani: mabati, vitanda vilivyosimamishwa, pande za makabati. Karibu nasi mzee mmoja alikuwa amekuja na mlango wake wa mbele, mzima, na kitasa chake. Baba akamcheka: "Uyu atafunga mulango wapi?" Sisi tulikuwa na shuka mbili na vitenge vya mama.

Mvua ya kwanza ilikuja mchana, na upepo. Mzee wa mlango aliulaza juu ya masanduku yake, akaingia chini yake na wajukuu, wakakaa wakitutazama. Shuka zetu zililowa zikamganda kaku mwilini. Tulijipanga kumzunguka, tukamfunika kwa migongo yetu, lakini maji yalipita chini. Baada ya siku hiyo kikohozi chake kilibadilika. Kilikuwa kinatoka chini sana, na kikimshika hawezi kusema. Mama alinivuta mkono, akasema twende tukachukue ile milango ya chini kabla mvua haijarudi. Baba hakuweza kwenda. Pale njia panda vijana walimjua kwa uso, na mwanamume aliyejaribu kupita kabla yetu alirudishwa akiwa ametapakaa damu. Mama akitamka neno moja tu, wanasikia Kambove yake, wanampisha.

Mke wa jirani alitufungulia mlango wa nyumba yetu. Si wa kwao: wa kwetu. Mtoto wao mkubwa alikuwa ameshahamia. "Yaya!" akasema, kama tunavyowaita dada wakubwa. "Mungali hapa? Shiye tulizani mulishakwenda."

Lile kabati lilikuwa limejaa. Sahani zao, masufuria yao, masanduku yao juu. Limepakwa mafuta, linang'aa. Mama alisema kwa upole, na mimi niliumia kusikia upole ule: "Mama mukwe yangu iko nalowana. Iko mugonjwa. Munipatie tu ile milango mbili ya chini. Ingine yote mubakie nayo."

Jirani mwenyewe akatokea chumbani. Alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huzuni, huzuni ya kanisani.

"Yaya, nisingekunyima. Lakini bwana yako aliniachia neno. Alisema muntu asing'oe hata musumari moja. Minye niliapa mbele ya Mungu."

"Muntu!" Mama akapaza sauti. "Minye njo bibi yake! Minye njo muntu?"

"Akuje yeye mwenyewe. Nitamupatia yote."

Akuje yeye mwenyewe! Alisema hivyo kwa macho makavu, na njia panda alikuwa akipita kila asubuhi, anawajua wale vijana kwa majina ya nyumbani.

Mama akamsukuma, akapiga magoti mbele ya kabati, akafungua mlango wa chini, akaushika kwa mikono miwili, akavuta ili ung'oke. Nikashika naye. Tulivuta mpaka nikasikia vidole vinawaka. Mama aliweka mguu ukutani, akavuta kwa mwili wote. Wala hakuna kilicholia. Skrubu zilikuwa ndani kule baba alikozizamisha, vyuma vimo katika saruji, na mlango ulikuwa umetulia tu. Mke wa jirani alikuwa akihamisha sahani kutoka rafu ya juu, moja moja, zisije zikavunjika. Hakuna aliyetushika. Hawakuwa na haja. Mama alipochoka, akasimama, akafuta mikono kwa kitenge, tukatoka bila kuaga.

Tulimkuta baba amempakata mama yake. Mama akamweleza yote, hakuficha wala kuongeza chumvi. Baba alisikiliza ameinamisha kichwa. Kisha akauliza, "Mulivuta kwa nguvu?"

"Tulivuta sisi wawili."

"Na haikutikisika?"

"Haikutikisika."

Nilimwona. Na mtu asiniambie kwamba nilikuwa mtoto, nilikosea kuona. Uso wake ulifunguka. Alijaribu kuuzuia, akashindwa. "Na anaipaka mafuta," akasema. "Alishika neno yake." Kaku alikuwa mapajani mwake, anapumua kwa kuruka ruka. Siku ile nilimchukia baba yangu, na sijui kama nimewahi kuacha.

Mvua ilirudi. Mzee wa mlango alikuja mwenyewe, bila kuombwa, akamwingiza kaku chini ya mlango wake, lakini muda wa kumwokoa kaku ulikuwa umeshapita. Alifia pale, katikati ya wajukuu wa watu.

Watu wengi walikufa gare ile, na mbao zilikuwa zimekwisha, kila ubao ulikuwa juu ya kichwa cha mtu. Tulimfunga kaku katika mkeka. Wanaume walipokuwa wakimnyanyua, baba akasema kwa sauti ndogo kwamba kwa ile mulombwa ya nyumbani angemtengenezea sanduku zuri sana.

Mama alimwambia anyamaze. Treni ilipokuja tukapanda, na mpaka tunapita Kamina, mbali njiani kwenda Kasai, hakumsemesha tena.