Dundu Wasioshika Sabato

Mama yangu alikuwa na adui mmoja tu duniani, naye alikuwa mdogo kuliko kidole gumba. Nazungumzia dundu, wale weusi wanaoingia kwenye mavi ya ng'ombe yangali na joto na kuyazika ardhini. Mama aliwaita wezi. Huku kwetu Nyamira alikuwa na ng'ombe mmoja, migomba, na mistari michache ya majani chai. Kila donge la samadi lilikuwa limeshapangiwa mgomba wake hata kabla halijaanguka.

Kwa hiyo aliwawahi. Alfajiri alizunguka na karai pale ng'ombe alipofungwa, akizoa. Dundu aliyekutwa juu ya donge alitupwa kando na kutukanwa kwa Kigusii, ila kwa adabu, maana mama ni mtu wa kanisa.

Jumamosi dundu walishinda. Sisi ni Wasabato. Ijumaa kabla jua halijazama, karai lilifunikwa, ng'ombe akafungwa kwenye kigingi cha karibu na nyumba, palepale kila wiki, asimsumbue mtu. Jumapili asubuhi mama alikuta chenga tu. Jambo hili lilimkera hata akamuuliza mzee wa kanisa kama ni halali viumbe kufanya kazi Sabato ndani ya boma lake, ilhali amri inakataza hata mnyama na mgeni. Mzee alifikiri, akasema dundu si wa mama.

"Na samadi je?" mama akauliza.

Mzee alikumbuka kwamba kuna mgonjwa anamsubiri.

Baba alipofariki, ng'ombe ndiye aliyebaki kumwamsha mama asubuhi. Kisha ukaja mwaka wa kiangazi kikali. Nyasi zilikauka zikawa zinavunjika chini ya kiatu, na magoti ya mama hayakuweza tena kumbebea ng'ombe majani kutoka bondeni. Kaka yangu mkubwa, anayefanya kazi ofisini mjini Kisii, akaamua ng'ombe auzwe na mama ahamie kwake, penye maji ya mfereji na sofa. Mimi niliogopa. Nimewaona wazee waliohamishiwa kwenye sofa, na hawakukaa sana. Lakini sikuwa na hoja, kwa sababu ng'ombe hali hofu.

Mnunuzi alikuja Jumapili. Mama alikuwa amekataa kumleta ng'ombe, kwa hiyo tukamfuata kwenye kigingi cha Sabato. Tulimkuta akila. Juu na chini ya mteremko kote kulikuwa rangi ya gunia, lakini kukizunguka kigingi palikuwa na duara la kijani, pana kama urefu wa kamba yake.

Kaka alimtazama mama kwa jicho la kiofisi. "Mama, umemwaga hapa mbolea ya majani chai?"

"Yaya," mama alikataa kwa Kigusii. "Hiyo ni ya majani chai."

Nilichomeka fimbo ardhini. Nje ya duara iligota kama kwenye saruji. Ndani ilizama. Udongo ulikuwa umejaa vitundu vya dundu, na mvua zote zilizoteremka mbio kwingine zilikuwa zimeingia hapa, zikakuta samadi imeshatangulia. Miaka yote hatukuona tofauti, kwa kuwa miaka yote kila mahali palikuwa kijani.

Mama aliinama kuchungulia vile vitundu.

"Kumbe wezi walikuwa wanaificha hapa," akasema.

Kaka alimwambia mnunuzi tungoje mvua kwanza. Alisema kama mtu anayeahirisha tu. Sofa ilikuwa bado ipo, na alikuwa amekwisha kumwagiza fundi kitanda cha mama.

Ijumaa iliyofuata nilikuwa nyumbani. Mama aling'oa kigingi, akapanda nacho mteremko kidogo, akakipigilia kwenye nyasi zilizokauka. Nilimuuliza kwa nini anakihamisha baada ya miaka yote hiyo.

"Pale pameshapata Sabato za kutosha, baba," akaniambia. "Sasa ni zamu ya huku. Halafu pale mbele. Halafu napanda polepole mpaka kwenye mti wa avokado."

Nikautazama mti wa avokado. Uko juu kabisa, mpakani, na alikuwa anauendea Jumamosi moja moja. Jua lilikuwa bado halijazama, kwa hiyo nikampigia kaka simu, nikamwambia kile kitanda amtafutie mtu mwingine.