Ncha za Manjano Nyuma ya Tangi

Mama alipohamia kwangu Gatsata, jijini Kigali, alitoka Karagwe na mabegi mawili, mkeka, na fundo dogo la kitenge ambalo hakutaka nilishike. Sikuuliza. Wiki chache baadaye nilikwenda nyuma ya nyumba kufungua bomba la tangi, nikakuta ndoo tatu za rangi zimejazwa udongo, na katika kila ndoo mche umeshachanua majani yenye meno kama msumeno. Niliyajua tangu utotoni. Ilikuwa bangi.

"Mama, unataka nifungwe?"

"Ni ya magoti," alinijibu, akiendelea kuchambua maharage. "Nachemsha majani na samli, najipaka. Bibi yako alifanya hivyo maisha yake yote."

"Bibi hakuishi Kigali."

Nyumba yetu iko kwenye mteremko. Wanaokaa juu yetu wakitoka kuanika nguo wanaona uani kwetu mpaka chini ya sufuria. Halafu mimi ni mwalimu. Kila muhula nasimama mbele ya wanafunzi na kuwaonya juu ya kitu kilekile kilichokuwa kinamea nyuma ya tangi langu. Ningeing'oa siku ileile. Lakini kila asubuhi nilimsikia mama akijiinua kitandani, akishika ukuta, akivuta pumzi kama mtu anayebeba gunia, nikakosa nguvu. Tukakubaliana avune mara moja tu, kisha iwe basi.

Tangu hapo sikutulia. Mlango wa geti ukigongwa, nilikuwa dirishani kabla mama hajageuza shingo. Nilinunua turubai nikafunika upande wa juu, halafu nikaliondoa, nikihofia kwamba turubai jipya ndilo litakalowafanya watu waulize. Darasani niliandika hesabu ubaoni nikaisahau katikati. Nilichotaka ni miche ile ikue haraka, imalizike, itoke nyumbani kwangu. Kwa hiyo nikapata mbolea ya NPK, ile ya punje, na kila baada ya siku moja, mama akiwa ndani anasali, nilimwaga kijiko kizima katika kila ndoo. Sikumwambia.

Mama ndiye aliyeona kwanza. "Njoo utazame," aliniita. Ncha za majani zilikuwa za manjano, zote, kana kwamba mtu amezichovya kwenye rangi. Nyingine zilishaanza kukauka na kujikunja. Mama alifikiri ni kiu, akaongeza maji. Mimi nilifikiri ni njaa, nikaongeza kijiko. Baada ya siku nne manjano yalikuwa yameingia ndani zaidi.

Tatizo ni kwamba huwezi kumuuliza mtu. Mwishowe nilipanda pikipiki hadi soko la Kimironko, mbali na wanaonijua, kwa mama mmoja anayeuza mbegu na dawa za mimea. Alikulia Bujumbura, na aliposikia Kiswahili changu cha Tanzania alifurahi.

"Nyanya zangu zina shida," nilisema. "Ncha za majani zinakuwa manjano."

"Iko ndani ya shamba ama ndani ya vyungu?"

"Ndoo."

"Ndoo iko na matundu chini?"

Sikuwa na hakika. Akatikisa kichwa.

"Jani inakuwa manjano yote, kuanzia chini?"

"Hapana. Ncha tu. Za chini na za juu. Kwingine kote ni kijani kibichi sana."

"Juu ya udongo iko kitu nyeupe, kama chumvi?"

Nikakumbuka utando mweupe niliokuwa nauona kila asubuhi. Nikaitikia.

"Basi haina njaa. Ikiwa na njaa, jani ya chini inageuka yote. Hii umeilisha kupita kiasi, mbolea inaichoma. Jani yenyewe ikoje?"

Bila kufikiri nikanyoosha mkono, nikatanua vidole. Aliutazama mkono wangu. Nami niliutazama. Nikauficha mfukoni, nimechelewa.

"Mzee," alisema polepole, "nyanya gani iko na vidole?"

Akapunguza sauti. "Toboa ndoo. Mwaga maji mengi mpaka yatoke chini, rudia. Mbolea acha kabisa. Na hapa usirudi kuniuliza tena."

Niliporudi nyumbani jasho lilikuwa limeloanisha shati. Nikapasha msumari motoni, nikatoboa ndoo huku mama akinitazama.

"Umejuaje?" aliuliza.

Ikabidi niseme: mbolea, kijiko, kila baada ya siku moja.

"Ulikuwa unakimbilia wapi?"

"Nilitaka iishe, Mama. Silali."

Alichukua jagi akaanza kunisaidia kumwaga maji.

Majani yaliyoungua hayakupona, lakini yaliyochipua baadaye yalikuwa safi mpaka nchani. Mama aliyasifu kila asubuhi. Mimi hali yangu ilizidi kuwa mbaya. Sasa kulikuwa na mtu sokoni aliyejua.

Jumamosi ya umuganda, kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi, tulikuwa tunazibua mtaro barabarani. Kiongozi wa mudugudu, yaani mtaa wetu, akatangaza kwamba yeye na wenzake wataanza kupita nyumba kwa nyumba kuangalia maji yaliyotuama, kwa ajili ya mbu, wakaondoka saa ileile. Nilikuwa na jembe mkononi na watu pande zote. Kuondoka kungeonekana. Nikachimba sehemu moja mpaka jirani akaniambia imetosha.

Tulipoachiwa nilipanda mteremko nikikimbia. Uani niliwakuta wameketi na mama, wanakunywa chai na kucheka. Nyuma ya tangi ndoo tatu zilikuwa zimefunikwa kifudifudi.

Walipoondoka nikamuuliza miche ameiweka wapi.

"Chooni. Niliing'oa alfajiri, kabla hujaamka." Alikuwa amenyoosha miguu yote miwili juu ya mkeka, magoti yamevimba kwa kuinama. "Jana uliacha chakula chako chote kwenye sahani. Nikasema basi."

Nilitegemea kufurahi. Badala yake niliketi kando yake nikaona aibu, kwa kuwa kwa miezi yote ile nilikuwa nimechunguza majani kuliko nilivyochunguza magoti yake. Jumatatu niliomba ruhusa shuleni, nikampeleka hospitali. Walimpa vidonge na mazoezi ya kunyoosha miguu, ambayo anayafanya akinung'unika kwamba daktari ni mtoto mdogo. Anapanda ngazi mbili bila kushika ukuta. Ya tatu bado.

Mimi bado geti likigongwa naenda dirishani. Mama ananiambia nikae nimalize chai.