Kidole Kwenye Usukani

Nilikuwa getini pa bohari moja Jebel Ali, Dubai. Mmarekani wa makamo alikuwa kwenye pikapu akisubiri kufunguliwa, na kila gari lililotoka alilisalimu kwa kuinua kidole cha shahada kutoka kwenye usukani.

"Sir, hao wote unawajua?" akauliza mlinzi, Mkenya.

"Hata mmoja. Kaunti yetu ni mahindi matupu na barabara za vumbi. Nyumba ya jirani huioni. Lakini ukikwama kwenye theluji, yeyote anayepita ndiye atakayekuvuta. Kwa hiyo tunasalimu kila gari."

Mlinzi akatabasamu. "Kumbe hata Marekani kuna ushago."

Akainua kizuizi, kisha kidole.

Nikarudi kwenye ghorofa ninakoishi Al Nahda, ambako jirani yuko nyuma ya ukuta tu, na kwenye lifti kila mtu anatazama viatu vyake. Labda tunachokosa Dubai ni theluji.