Viti Viwili vya Pikapu ya Mako

Mako hajui kutulia. Hata chai huinywa akizunguka. Siku niliyomfungia viti kwenye pikapu yake, aliizunguka gereji yangu hapa mtaani Bulla Pesa mpaka nikapata kizunguzungu mimi niliyelala chini ya gari.

"Gichunge, bado?"

"Bado. Haraka haraka haina baraka."

Viti tulivitoa kwenye gari dogo lililopinduka: viwili, vya mtu mmoja mmoja, vinavyoshika mgongo vizuri. Barabara ya Merti ilikuwa imemmaliza Mako kiuno, na benchi lake la zamani, la watu watatu, lilibaki springi tupu. Matundu ya boliti hayakulingana, basi nikakata vyuma vya benchi kwa grainda na kuchomelea vingine. Kazi safi, najisifu mwenyewe. Benchi akalichukua Kathure wa kibanda cha chai, na kabla ya adhuhuri wateja wanne walikuwa wamelikalia.

Ndipo akaja Qabale, mke wa Mako. Akachungulia ndani.

"Salaam aleikum. Na mama kesho atakaa wapi?"

Mako akasimama tuli.

Mimi Mmeru sikuelewa mpaka nilipoelezwa. Mama yake Qabale anaishi Korbesa, na macho yake yamezibwa na mtoto wa jicho. Kesho walikuwa wamchukue, keshokutwa apasuliwe hapa mjini. Akikosa siku hiyo, angengoja miezi. Na kwa mila za kwao Mako, mtu na mama mkwe wake hustahiana sana: hawakai bega kwa bega, hawaongei ovyo. Miaka kumi na mmoja Qabale alikaa katikati yao, akipeleka maneno huku na huku. Sasa katikati palikuwa na gia tu.

"Rudisha benchi," Mako akasema.

"Vyuma nimeshakata, ndugu yangu."

Niliona aibu. Kumpandisha mama nyuma haikuwezekana, kwa mashimo yale angefika vipande vipande. Wakaenda hivyo hivyo.

Yaliyofuata alinisimulia Mako, akizunguka kama kawaida. Kutoka Korbesa, Qabale alipanda nyuma, mama akakaa mbele amejifunika shuka. Kwa saa mbili hakuna neno. Mako jasho linamtoka, anabadilisha mikono kwenye usukani, anatamani kuruka nje. Walipoingia kwenye mchanga wa laga, ule mto mkavu, gari likayumba. Kwa mazoea mama akanyoosha mkono katikati kumtafuta binti yake, asipate kitu.

Mako akashindwa kuvumilia.

"Mama, ni mchanga tu wa laga. Tunavuka."

Mama akauliza, "Na ng'ambo kuna nini?"

"Ngamia. Kama ishirini. Mmoja mweupe, anakataa kutoka barabarani."

"Halafu?"

Akamsimulia miti, vumbi, wanawake wanaochota maji, wingu lililokuwa likijikusanya. Kila akinyamaza, mama anamgeukia.

"Endelea," akasema. "Tangu nipofuke, Qabale huniambia tu kama tumefika."