Jumamosi ya Kupumzika

Mpango ulikuwa wangu. Nalisema hilo mapema kabisa, maana mpaka leo wapo watu kijijini kwetu Gesima wanaoamini kwamba safari ile ya Mlima Kenya ilipangwa na mwenzangu. Wee! Niliipanga mimi, mezani kwangu, kwa kalamu yangu, naye ameketi kitandani anajisuka nywele.

Tulikuwa walimu wawili wasichana wa shule moja ya msingi, mwanzoni mwa miaka ya sabini, tukiishi nyumba moja kando ya mashamba ya chai. Yeye Mkatoliki kutoka Suneka, mimi Msabato wa hapo hapo Gesima. Nilifundisha jiografia darasa la sita. Siku moja nikachora mlima ubaoni, nikaupaka chaki kileleni, nikasema hii ni theluji, nayo iko hapa hapa Kenya, karibu na ikweta. Msichana wa dawati la mbele akauliza, "Mwalimu, wewe umeiona?" Nikajibu, "Bado." Darasa zima likacheka. Hiyo "bado" ilinikaa rohoni, nikaapa nitaiona theluji kwa macho yangu nirudi niwaambie.

Katika shule ya upili kule Nyamira kulikuwa na mwalimu Mwingereza, mpenda milima. Mwenzangu alikuwa akimwona kila Jumapili kanisani, na ndiye aliyeniletea habari: likizo ya Agosti Mwingereza anapanda Mlima Kenya na ana nafasi ya watu wawili. "Mwambie ni sisi!" nikasema, hata hakuwa amemaliza kuvua kitambaa cha kichwa.

Kikwazo kilikuwa mama. "Yaya," akakataa kwa Ekegusii. "Safari ya wiki nzima, na Sabato utaiweka wapi?" Nikarudi mezani. Nilikuwa nimesoma kwamba mtu akipanda haraka kule juu, hewa inakuwa nyepesi, kichwa kinampasuka na anatapika njiani. Basi nikaandika hivi: Ijumaa jioni tupige kambi katikati ya mlima, Jumamosi tusisogee hata hatua moja. Miili izoee hewa, nami nisali. Mama akaisoma karatasi mara mbili, akasema, "Haya, nenda basi. Lakini uvae sweta mbili." Mwenzangu akaipeleka karatasi Nyamira, akarudi anasema Mwingereza ameipenda kama ilivyo.

Miezi mitatu tulifanya mazoezi kwenye mteremko wa Manga, vikapu vya chai mgongoni vimejaa mawe. Akina mama waliokuwa wakichuma chai walituzomea kwa furaha: "Walimu, leo mawe mnauza bei gani?" Mwenzangu alikuwa akichoka haraka, na mara nyingi nilimpunguzia mzigo nikaubeba mwenyewe. Viatu vya mlimani vilihitaji kuagizwa Nairobi, kwa hiyo tulisimama juu ya karatasi, tukachorana nyayo kwa penseli huku tukicheka kwa kutekenywa. Yeye akazipeleka kwa Mhindi wa duka la viatu mjini Kisii.

Viatu vilipofika, nilikwenda kuvichukua mimi. Mwenye duka akaniwekea jozi mbili kaunta. Ya kwanza ilikuwa ya mwenzangu. Nikavaa ya pili, mguu ukapotelea ndani. Nikamwambia, "Mzee, hapa umekosea." Mzee yule akaudhika, akafungua droo, akanitolea karatasi aliyopewa. Ulikuwa wayo wa mwanamume, mpana, na kando yake mwandiko wa mwenzangu. Mchumba wake alikuwa karani Kenyenya, jitu la miraba minne. Nilielewa pale pale: nafasi yangu alikuwa amempa yeye.

Nilizibeba jozi zote mbili mpaka nyumbani. Ndiyo, nilimbebea na mchumba viatu vyake! Nikazibwaga kitandani, nikauliza, "Dada, hivi ni vya nani?"

Alitazama chini. "Nilimwambia Mwingereza kwamba wewe ni Msabato, na mama yako amekukataza."

"Mama alikubali! Jumamosi tunapumzika, si wewe ndiye uliyepeleka karatasi?"

"Usinikasirikie, dada. Nikisafiri na mchumba wangu hivi, labda atanitolea neno la ndoa. Wewe utapanda mwaka mwingine."

Mtaniuliza kwa nini sikwenda Nyamira nikamweleza Mwingereza mwenyewe. Ni kiburi, sina jina lingine. Nilitaka yeye aliyesema uongo aende aufute. Nilingoja wiki mbili, nikimpikia uji wa wimbi kila asubuhi kama kawaida, nikitega sikio aseme, "Nimekwenda, nimemwambia." Hakwenda. Siku ya safari aliniaga mlangoni, nami nikamfungia kamba za mzigo kwa sababu hakujua kuzikaza.

Walifika kileleni. Muhula ulipofunguliwa, mwalimu mkuu akamwalika mwenzangu aje azungumze na darasa la sita, darasa langu, nami nikaketi nyuma na watoto. Akawaeleza theluji inavyolia chini ya kiatu. Akawaambia kundi jingine lilirudishwa likitapika. "Sisi tulifika," akasema, "kwa sababu Jumamosi tulipumzika siku nzima. Bila Jumamosi ile, nasi tungerudi."

Yule msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, nani aliwaza mpumzike?"

Mwenzangu alinitazama. Nawaambia kweli, hata wakati ule ningemsamehe. Angetaja jina langu tu, ningemsamehe yote, viatu na uongo.

"Aa," akasema, "tuliwaza tu sote."

Watoto wakapiga makofi. Kisha yule msichana akageuka nyuma, akaniuliza kwa upole, "Na wewe, Mwalimu, bado?"

"Bado," nikamjibu.