Swali la Pili la Nyongeza

Nyumba yangu iko Kizota, Dodoma, ukuta kwa ukuta na karakana ya kuchomelea mageti. Marehemu mume wangu alikuwa mwinjilisti, nami nilisoma naye chuo cha Biblia. Alipofariki aliniachia imani, nyumba hii, na kelele za jirani. Bunge likikaa, mimi huhamia chumba kidogo cha nyuma na vile vikubwa viwili huwapangisha wabunge. Wakubwa wengi hukaa hotelini. Wanaokuja kwangu ni wale wanaotaka ugali wa nyumbani na mtu wa kuwauliza asubuhi wameamkaje. Nimemshukuru Mungu kwa riziki hiyo miaka mingi, na bado ninamshukuru. Uchungu nilio nao nimeuombea uondoke. Haujaondoka, kwa hiyo nauandika.

Mbunge ninayetaka kumsema alitoka mbali, mikoa ya kusini. Alikuwa mwanasheria, kijana kwangu ingawa mvi zilikuwa zimeanza kumtoka, na mwenye adabu. Hakupita mlangoni bila kuinama na kusema shikamoo. Mbali na ubunge alikuwa akiandika tasnifu ya chuo kikuu kuhusu wajumbe wa Bunge la Marekani la miaka mia mbili iliyopita, na vitabu vyake vilishinda mezani kwangu kando ya chupa ya chai. Chumba cha pili alikaa mwenzake, mama wa Tanga, mbunge wa viti maalumu, mwepesi wa maneno na wa kucheka.

"Mama," mwanasheria aliniambia asubuhi moja, "unajua kwamba wewe umo katika historia ya Marekani?"

"Mimi? Mimi hata Morogoro nimefika kwa kongamano la akina mama tu."

Akaeleza. Mji mkuu wao ulipokuwa mpya ulifanana na Dodoma ya zamani: jengo kubwa hapa, jengo kubwa kule, katikati vichaka na ng'ombe wakichungwa. Wajumbe walikuja kwa farasi na magari ya kukokotwa, safari ya siku nyingi katika matope, wake zao wamebaki mashambani. Wengi walitumikia kipindi kimoja wakachoka, wakarudi kwao. Nyumba hazikutosha, kwa hiyo walipanga kwa watu, mara nyingi kwa wajane, wakalala wawili wawili na kula meza moja. Ukumbini walikaa na kofia kichwani.

"Kofia ndani ya nyumba!" mama wa Tanga akadakia. "Hawakuwa na wa kuwafunda?"

"Sikiliza kwanza, dada. Waliokula meza moja mara nyingi walipiga kura pamoja. Ukitaka kujua mjumbe atasema nini kesho, uliza leo amekula wapi."

"Basi sisi tumekwisha. Tutaunga mkono mlenda mpaka tuzeeke."

Tulicheka sote. Lakini maneno yale yaliniingia. Kwetu Ugogoni mtu aliyekula kwako siku moja ni mgeni. Aliyekula kwako msimu mzima, akajua mboga yako ya mlenda ina karanga kiasi gani, huyo ana sehemu katika mambo yako, nawe katika yake. Sikuona ajabu kwamba hata Wazungu wa zamani walilijua hilo.

"Na wale wanawake," nikauliza, "wao walipiga kura?"

"Hapana, mama. Wanawake hawakuwa na kura. Na waliopika, mara nyingi walikuwa watumwa." Alisema hivyo akipaka siagi kwenye mkate. "Fikiria. Watu wanajadili uhuru mchana kutwa, jioni anayewamiminia chai ni mtu aliyenunuliwa. Wananchi walipoleta maombi ya kupinga utumwa, wajumbe walipitisha kanuni kwamba maombi hayo yapokelewe, yasisomwe. Mzee mmoja, aliyewahi kuwa rais kisha akarudi kukaa kiti cha mjumbe wa kawaida, aliendelea kuyaleta huku wenzake wakimzomea." Akaweka kisu chini. "Yule ndiye mbunge, mama. Natamani niwe kama yule."

Nilimwamini. Hata leo nadhani siku ile alimaanisha.

Sasa niseme habari ya binti yangu. Ameolewa kijijini, upande wa Hombolo, na kati ya kitongoji chao na zahanati kuna korongo. Kiangazi korongo lile ni mchanga mtupu, mbuzi wanalala humo. Masika mvua ikinyesha huko juu, wao wakiwa hawajaona hata tone, maji hushuka kama ukuta na kukaa hivyo mpaka yatakapochoka yenyewe. Masika ya mwaka uliotangulia uchungu ulimshika binti yangu maji yakiwa yameshuka. Wanawake walimsindikiza mpaka ukingoni, zahanati wakaiona ng'ambo, bati lake jeupe, na nesi amesimama mlangoni akiwapungia mikono asijue afanye nini. Mtoto alizaliwa pale ukingoni amekwisha kufa. Alikuwa wa kiume.

Kijiji kilikuwa kimeomba kivuko, daraja dogo tu, tangu zamani. Habari ilipelekwa kwa diwani, ikaenda kwa mbunge wa huko, na jibu lililorudi kila mara lilikuwa kwamba ombi limepokelewa.

Bunge la bajeti lilipokuwa likielekea mwisho, binti yangu alinipigia simu kwamba ana mimba tena, changa. Nilihesabu kichwani nikaona atajifungua katikati ya mvua. Jioni ile niliwapakulia wageni wangu chakula, kisha, jambo ambalo si desturi yangu, nikavuta kiti nikakaa mezani pamoja nao. Nikawaeleza korongo. Nikawaeleza nesi na bati jeupe. Mama wa Tanga alilia. Mwanasheria aliacha kula.

"Mama," akasema, "wiki ijayo nina swali kwa Wizara kuhusu daraja la jimboni kwangu. Waziri akishajibu, Kanuni zinanipa maswali mawili ya nyongeza. La kwanza nitauliza la watu wangu. La pili ni lako."

"Mheshimiwa, najua daraja halijengwi kwa swali."

"Halijengwi. Lakini likitajwa mle ndani linaingia katika kumbukumbu za Bunge, na Waziri akishajibu hawezi kusema hajui. Nawe utakuja usikie kwa masikio yako."

Nikaomba usiku ule kwa shukrani. Nilimpigia binti yangu nikamwambia afungulie redio siku hiyo.

Siku ilipofika nilivaa kitenge kile cha harusi ya binti yangu. Walinikagua langoni, wakachukua simu yangu, wakanipeleka jukwaa la wageni. Kutoka juu nilimwona mheshimiwa wangu amekaa na karatasi zake, na mama wa Tanga safu za nyuma. Sala ilisomwa, nikaitikia amina kwa sauti hata mlinzi akaniangalia. Swali lake likaitwa. Naibu Waziri akajibu. Kisha akasimama yeye, akanyoosha koti.

"Mheshimiwa Spika, ahsante kwa kunipa nafasi ya kuuliza maswali mawili madogo ya nyongeza. Awali ya yote naishukuru Serikali kwa majibu mazuri."

La kwanza aliuliza ujenzi wa daraja lao utaanza lini. Nikakamata ukingo wa kiti.

"Swali la pili," akasema, akageuza karatasi. Hata leo naiona karatasi ile. "Kwa kuwa barabara inayoelekea daraja hilo nayo ni mbovu, je, Naibu Waziri yuko tayari kuambatana nami baada ya Bunge hili ili akajionee mwenyewe?"

Naibu Waziri akasema yuko tayari, akampongeza kwa namna anavyowapigania wananchi wake. Meza zikapigwa. Mama wa Tanga akasimama kuomba nafasi, akasimama tena, hakuitwa. Likaja swali la mbunge mwingine, la minada ya mifugo.

Nami nikiwa bado sijamaliza kuelewa kilichotokea, kipindi cha maswali kikaisha, wakaanza kutambulisha wageni. Wanafunzi wa shule fulani, wakasimama, meza zikapigwa. Madiwani wa wilaya fulani, vilevile. Kisha nikamsikia Spika akitaja jina la mheshimiwa wangu, na kusema kwamba yuko na mgeni wake, mama yake mlezi hapa Dodoma, anayemtunza na kumwombea. "Mama, simama pale ulipo tukuone. Karibu sana."

Nilisimama. Ningefanya nini? Ukumbi mzima uligeuka kuniangalia, wakapiga meza kwa furaha, wengine wakipunga mkono, naye akageuka kabisa kwenye kiti chake akatabasamu kama mtoto aliyeleta zawadi nyumbani. Nami nikainamisha kichwa na kupunga mkono. Nikayakumbuka yale maombi ya watu wa Marekani. Nilikuwa nimepokelewa. Sikuwa nimesomwa.

Binti yangu aliniuliza jioni, "Mama, nimesikia wamekutaja wewe. Korongo wamelitaja saa ngapi? Redio ilikatikakatika." Nikamwambia halikutajwa. Akasema, "Haya," kisha akaniuliza kama nimekula.

Usiku ule mezani mama wa Tanga alifunua bakuli, akaonja.

"Mwenzangu," akamwambia mwanasheria, "leo mlenda hauna karanga. Umehukumiwa."

Yeye hakucheka. "Mama, nisikilize. Asubuhi nilipigiwa simu na mwenyekiti wa halmashauri yangu. Watu wa ile barabara wamekaa wanasubiri redioni. Wale ndio walionipigia kura."

"Na mimi?"

"Wewe, mama, hukunipigia kura. Wewe ulinipikia."

Hakusema kwa dharau. Laiti angesema kwa dharau, ningeweza kumsamehe upesi zaidi. Alisema kama mtu anayemweleza mzazi wake jambo la sheria, na jambo lenyewe lilikuwa kweli. Hao wa barabarani nao wana wajawazito. Hilo nimelifikiri mara nyingi nikiwa magotini. Lakini ahadi hakuwaahidi wao tu. Na yeye mwenyewe ndiye aliyekuja mezani kwangu na hadithi ya watu wanaokula pamoja na kusimama pamoja, nami, mwenye nywele nyeupe na masomo yangu ya Biblia, nikaisikia nusu. Nilisikia meza. Sikumsikia yule aliyesimama nyuma ya meza na birika. Yeye alikuwa amenieleza wazi kabisa kwamba huyo hakuwa na kura.

"Kikao kijacho, mama," akasema. Kikao kijacho kilikuja, kikapita.

Mvua zilipokaribia sikungoja tena. Nilimfuata binti yangu kijijini kabla korongo halijashuka, nikaja naye Kizota na tumbo lake, nikamlaza chumba kikubwa cha mbele, chenye kitanda kizuri na dirisha lisiloelekea karakana. Mwisho wa Januari mheshimiwa alifika na masanduku yake, akainama mlangoni kama kawaida.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Chumba chako kina mtu."

Akachungulia, akamwona binti yangu amekaa kitandani na miguu iliyovimba. Alijua ni nani bila kuambiwa.

"Mama, kumbe umenifukuza?"

"Sikukufukuza. Korongo limekufukuza. Huku ndiko tunakolivukia."

Akabana vitabu vyake kwapani, akampigia dereva arudi kumchukua. Mama wa Tanga, alipokuja, ndiye aliyetupeleka hospitali kwa gari lake uchungu ulipoanza, akimsomea binti yangu dua za kwao huku mimi nikiomba za kwetu. Alizaliwa msichana, mzima, mwenye sauti. Nilipiga magoti sakafuni pale wodini, na manesi wakanipisha.

Wiki ileile jirani wa binti yangu kijijini alishikwa na uchungu korongo likiwa limeshuka. Wanawake walimzungushia khanga pale pale ukingoni. Yeye alipona. Mtoto hakupona. Jirani yule hakuwa na mama mwenye nyumba Kizota. Binti yangu alipoletewa habari alikuwa akinyonyesha, akamtoa mtoto titini, akamfunika, asimwangalie kwa muda. Shukrani niliyokuwa nayo sikuitupa, maana haikuwa yangu kuitupa, lakini tangu siku ile kila ninapoitamka namtaja na yule mtoto wa ukingoni.

Mheshimiwa alimaliza tasnifu yake. Alinipigia simu mwenyewe kunieleza, kwa furaha ya kweli.

"Nimekuandika, mama. Ukurasa wa mwanzo kabisa, katika shukrani. Nimesema kwamba bila meza yako nisingewaelewa wale wajumbe."

"Ahsante, mwanangu. Mungu akubariki." Nilimaanisha. "Na korongo umeliandika?"

Nikasikia akigeuza karatasi, kama siku ile ukumbini.

"Mama, korongo halihusiani na Marekani."

Tukaagana kwa heshima. Mjukuu wangu alikuwa ameamka, nikambeba nikatoka naye uani. Huko upande wa Hombolo wingu lilikuwa limefunga, jeusi, na hapa kwetu jua lilikuwa likiwaka.